Je, wajua kwa nini ndege huyu hufika Tanzania na nduguye huishia njiani?

Kati ya Septemba na Aprili, kwenye migunga na bustani za Kenya na Tanzania, huwapo ndege mdogo wa kijani-kijivu, kifua chake cha manjano hafifu, anayepekua majani bila kutulia akitafuta wadudu. Ni Phylloscopus trochilus, mzaliwa wa Ulaya na Siberia. Nduguye, Phylloscopus collybita, huzaliana katika misitu hiyohiyo ya Ulaya, lakini wengi wao hupitisha baridi kandokando ya Mediterania, wengine wakiteremka hadi Senegali na nyanda za juu za Ethiopia.

Ili kuwatofautisha, wengi huambiwa watazame miguu: ikiwa ya rangi hafifu ni trochilus, ikiwa nyeusi ni collybita. Mara nyingi ni kweli, ila wapo trochilus wenye miguu ya giza, na mwanga wa chini ya majani hudanganya. Rangi ya mwili haisaidii sana. Uzito nao hupishana kidogo mno, hivyo hoja kwamba anayekuja huku ni jitu mwenye nguvu haina msingi. Hata Ulaya walikuwa wakichanganywa, mpaka kasisi Gilbert White wa Selborne, Uingereza, alipowatenga katika karne ya 18 kwa kusikiliza nyimbo zao. Collybita hurudia sauti mbili tu, tena na tena. Trochilus hupiga mluzi mtamu unaoteremka taratibu. Tena trochilus huimba hata akiwa Afrika, jambo linalomfaa sana msikilizaji wa huku.

Tofauti inayoeleza safari iko kwenye bawa. La trochilus ni refu na limechongoka. La collybita ni fupi na la duara. Ndege anaporuka, hewa ya chini ya bawa husukumwa kwa nguvu kuliko ya juu, na kwenye ncha hupenya ikapanda juu na kuzunguka. Mpiga kafi anaijua hali hii: maji yanayoponyoka pembeni mwa kafi hufanya vizingia, na nguvu iliyovizungusha haikusogeza mtumbwi. Ncha iliyochongoka hupunguza upotevu huo. Kwa safari fupi akiba hiyo ni ndogo. Kwa maelfu ya kilomita inaamua nani afike. Bawa la duara nalo lina faida yake, kwani humwezesha ndege kuchomoka ghafla na kukata kona vichakani.

Hata hivyo bawa pekee halimpeleki ndege popote. Mwelekeo na muda wa kusafiri hurithiwa pia, na umbo la bawa limechongwa na safari za vizazi vingi.

Safari zenyewe ni za ajabu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulifuatilia trochilus kutoka mashariki ya mbali ya Urusi hadi Afrika Mashariki: takriban kilomita 13,000, kwa mwili wa gramu 10. Na manyoya yake ya kurukia huyabadilisha yote mara mbili kwa mwaka, mara moja baada ya kuzaa kaskazini na mara ya pili hapa Afrika kabla ya kurudi. Collybita huyabadilisha mara moja tu. Inawezekana kwamba umbali na jua kali huyachakaza, ingawa wanasayansi hawajaafikiana, maana wasafiri wengine wa mbali huridhika na mara moja.