Je, wajua kwa nini mkuu wa utafiti wa saratani hashiki tena vifaa vya maabara?

Ukikutana na makala ya kisayansi kuhusu jinsi seli za saratani zinavyotumia chakula, tazama majina ya waandishi. La kwanza kwa kawaida ni la aliyekesha maabara. La mwisho ni la mkubwa wao: profesa mwenye maabara, pengine pia mkurugenzi wa kituo kizima. Mara nyingi huyo wa mwisho hakugusa hata chupa moja katika majaribio hayo. Sasa alifanya nini hadi jina lake likawekwa?

Zamani mambo yalikuwa tofauti. Otto Warburg, Mjerumani anayehesabiwa kuwa mwanzilishi wa fani hii, alikuwa mtu wa kushika vifaa mwenyewe. Katika miaka ya 1920 huko Berlin aligundua kwamba uvimbe wa saratani hufyonza glukosi kwa wingi na kuigeuza kuwa asidi ya laktiki hata pale ambapo oksijeni ipo ya kutosha. Jambo hilo lilishangaza, kwa sababu njia hiyo huipa seli molekuli 2 tu za ATP, yaani kemikali inayobeba nishati ya seli, kwa kila glukosi, ilhali kuichoma yote kwa oksijeni kungeipa takriban 30. Mwaka 1931 alipata Tuzo ya Nobel kwa kazi yake juu ya kimeng'enya (protini inayoharakisha kemia ya seli) cha upumuaji wa seli. Alikuwa na taasisi yake mwenyewe, na wasaidizi aliowapenda zaidi walikuwa mafundi stadi wa vipimo, kuliko wasomi wenye mawazo yao.

Uongozi wa namna hiyo una gharama. Hans Krebs alifanya kazi chini ya Warburg tangu 1926, na mwaka 1930 akatakiwa aondoke akatafute nafasi kwingine. Miaka 2 baadaye Krebs alikwisha kueleza jinsi ini linavyotengeneza urea, taka inayotoka kwenye mkojo, na mwaka 1937 akaeleza mzunguko wa kemia ambao seli huchomea chakula, unaobeba jina lake hadi leo katika vitabu vya biolojia. Warburg naye aliendelea kushikilia kwamba saratani huanza pale upumuaji wa seli unapoharibika. Alilirudia hilo hadharani hata mwaka 1966. Leo tunajua kwamba mitokondria, yaani viungo vya seli vinavyofanya upumuaji huo, za saratani nyingi zinafanya kazi vizuri tu. Kwa maoni yangu, tatizo halikuwa akili. Aliyezungukwa na watu wa kupima tu hana wa kumpinga.

Siku hizi hata Warburg asingeweza kufanya yote peke yake. Utafiti wa umetaboli wa saratani, yaani jinsi seli zake zinavyotumia chakula, unahitaji mtaalamu wa kemia, fundi wa spektrometa ya masi (mashine ya kutambua kemikali kwa uzito wa molekuli zake), mtu wa takwimu, na daktari anayewaona wagonjwa. Hakuna anayemiliki stadi zote hizo. Mkuu wa maabara huwaleta pamoja, huwatafutia ruzuku, na zaidi ya yote huketi kwenye kikao cha kila wiki akiuliza maswali yanayokera.

Chukua swali hili: "Seli zilikaa sekunde ngapi kabla ya kugandishwa?" Linasikika dogo. Lakini baadhi ya kemikali ndani ya seli hubadilika katika muda wa sekunde chache. Mwanafunzi akichelewa kidogo kati ya kuziosha seli na kuzizamisha kwenye nitrojeni ya kimiminika, grafu yake nzuri inaeleza jinsi alivyozisumbua seli, si jinsi zinavyoishi.

Swali jingine: "Ulizilisha nini?" Kimojawapo cha vimiminika vinavyotumika sana kukuzia seli kina glukosi mara 5 hivi ya ile iliyomo kwenye damu ya mtu mwenye afya. Na si glukosi tu. Kulikuwa na dawa za kuzuia seli zisitumie glutamini, asidi ya amino ambayo seli huitumia kama chakula, zilizoua seli vizuri kwenye sahani lakini zikafifia ndani ya wanyama. Mwaka 2017 maabara ya Matthew Vander Heiden wa chuo cha MIT, Marekani, ilionyesha sababu mojawapo: sistini, asidi ya amino nyingine, iliyojaa kwenye kimiminika ndiyo iliyozifanya seli ziitegemee glutamini kiasi hicho. Yaani utegemezi ule kwa sehemu ulitengenezwa na chupa.

Vander Heiden mwenyewe ni daktari wa saratani. Alisomea uzamivu kwa Craig Thompson, akaendelea kwa Lewis Cantley, na tangu 2021 anaongoza Taasisi ya Koch, kituo cha utafiti wa saratani cha MIT. Thompson aliongoza kituo cha saratani cha Memorial Sloan Kettering huko New York. Cantley aliongoza kituo cha saratani cha Weill Cornell. Uingereza, Karen Vousden aliongoza taasisi ya saratani ya Beatson ya Glasgow kabla ya kuwa mwanasayansi mkuu wa shirika la hisani la Cancer Research UK mwaka 2016. Ukifuatilia nani alifundishwa na nani, utaona fani imejengwa na koo chache.

Ngazi ya mkurugenzi ni kazi nyingine kabisa. Marekani ina vituo zaidi ya 70 vinavyotambuliwa na Taasisi ya Taifa ya Saratani, na ruzuku kuu ya kila kituo hupitiwa upya, kwa kawaida kila baada ya miaka 5. Mkurugenzi huamua nani aajiriwe, mashine ipi inunuliwe, na ipi itumiwe kwa zamu na maabara zote. Wengi hubaki na maabara ndogo ya kwao, nadhani kwa ajili ya kuendelea kuulizwa maswali na vijana.

Halafu kuna suala la kampuni. Mwaka 2008 Cantley, Thompson na mwanasayansi mwenzao Tak Mak walianzisha kampuni ya dawa ya Agios. Kutokana na kazi ya kampuni hiyo juu ya mabadiliko ya jeni za IDH, zinazoongoza kimeng'enya kimojawapo cha umetaboli, zilipatikana dawa za saratani ya damu zilizoidhinishwa Marekani mwaka 2017 na 2018. Wagonjwa wamefaidika, lakini mkuu mwenye hisa kwenye kampuni akiongoza kituo kinachojaribu dawa zake, maslahi hugongana. Ndiyo maana wakuu hutakiwa kutangaza maslahi yao kwa maandishi, na jambo linalowahusu likifika mezani, hutoka nje wenzao waamue.