Mwendo wa wastani: kwa nini treni ya 120 haikufikishi kwa 120

Panda Madaraka Express, treni ya abiria ya Kenya, pale Syokimau, stesheni ya Nairobi, washa simu ikuoneshe kasi, kisha tulia. Baada ya muda tarakimu zitapanda hadi karibu na kilomita 120 kwa saa. Kutoka Nairobi hadi Mombasa ni takriban kilomita 470. Ukigawanya 470 kwa 120 unapata saa 4 kasoro dakika tano, lakini treni ya moja kwa moja huchukua kama saa 5. Ile saa moja imekwenda wapi?

Imo katika tofauti ya vitu viwili vinavyochanganywa kila siku. Mwendo wa juu ni ile kasi kubwa kabisa ambayo treni inaruhusiwa kufika. Mwendo wa wastani ni umbali wote wa safari ukigawanywa kwa muda wote, tangu treni iondoke stesheni mpaka mlango ufunguliwe mwisho wa safari, pamoja na kusimama, kungoja na kwenda pole. Tangazo hutaja wa kwanza. Abiria anaishi na wa pili.

Sasa chukua treni ya Inter-County ya njia ileile. Inapita reli hiyohiyo, na mwendo wa juu ni uleule. Lakini husimama Athi River, Emali, Kibwezi, Mtito Andei, Voi, Miasenyi na Mariakani, na hufika kwa kama saa 6. Ya kwanza ina wastani wa 94 hivi, hii 78. Kusimama hakugharimu zile dakika mbili tatu za kushusha watu tu. Treni nzito huanza kupunguza mwendo mbali sana kabla ya stesheni, na ikiondoka huchukua muda mrefu kuurudia. Tena njia ni moja: treni mbili zikikabiliana, mojawapo lazima iingie pembeni ingoje mwenzake apite.

Kinachokula muda zaidi, na ambacho watu hawakioni, ni vipande vya mwendo wa pole. Tuseme njia nyingine inaruhusu kilomita 160 kwa saa, ila ina kilomita 10 za tuta bovu au kona kali ambapo dereva haruhusiwi kuzidi 40. Hapo anatumia dakika 15. Kwa 160 angetumia chini ya dakika 4, kwa hiyo amepoteza dakika 11 na ushee. Je, anaweza kuzifidia kwa kukimbia zaidi kwingineko? Katika safari ya kilomita 460, itabidi zile 450 zilizobaki azikimbie kwa 171 badala ya 160, mwanzo hadi mwisho. Kutengeneza kilomita 10 mara nyingi ni nafuu kuliko kuinua uwezo wa 450, ila hakuna sherehe. Hakuna anayekata utepe kwa sababu kona imenyooshwa.

Na kona ndizo zenye ukaidi hasa. Aliyewahi kusimama ndani ya daladala linalokata kona anajua mwili unavyotupwa nje. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu hiyo huongezeka mara nne. Mafundi huinua reli ya nje kidogo ili behewa liegemee ndani, lakini wakiiinua mno, treni ya mizigo inayokwenda taratibu itaielemea na kuila reli ya ndani. Mwishowe dawa ni kunyoosha njia.

Upana wa reli, yaani nafasi kati ya vyuma viwili, ambao husifiwa sana, si siri yote. Queensland, Australia, kuna treni za abiria zinazokwenda 160 juu ya reli ya milimita 1,067, upana uleule wa TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia.

Mfano mzuri wa kunyoosha uko Tanzania. Reli ya Kati, iliyojengwa na Wajerumani na kufika Kigoma mwaka 1914, ilifuata bonde la mto Mkondoa kati ya Kilosa na Gulwe, kwa kuwa kufuata mto ni rahisi kuliko kutoboa mlima. Bei yake ni kona baada ya kona, na mafuriko yaliyoibeba njia mara kwa mara. SGR, reli mpya ya kisasa iliyoanza kupeleka abiria Dodoma mwaka 2024, inapita milima ya Kilosa kwa mahandaki. Kwa hiyo safari ya Dar es Salaam hadi Dodoma, ambayo zamani ulilala njiani, sasa ni ya saa tatu na kitu.

Baadaye mwaka huohuo ikaja treni ya mchongoko, yaani ya umeme yenye kichwa kilichochongoka. Watu waliipenda kwa pua yake, lakini faida iko chini ya sakafu: mota zimegawanywa katika mabehewa badala ya kichwa kimoja kuvuta msafara mzima, kwa hiyo inaondoka stesheni kwa wepesi, na kila kituo kinakula muda mdogo zaidi.