Skrubu ya hadwea sio skrubu ya bunduki, jamani

Wiki iliyopita kaja mteja mwingine, mzee mwindaji wa kulungu, bunduki kaizungushia blanketi kama mtoto mchanga. "Fundi, skopu inacheza, kila nikilenga risasi inaenda kwake." Nikahakikisha chemba iko tupu, nikaangalia besi ya skopu, kile chuma kinachoishikilia darubini ya kulengea juu ya bunduki, na hapo hapo nikajua. Skrubu mbili za nyuma nyeusi, za kiwandani. Mbili za mbele zinang'aa zinki, zimetoka hadwea. Nikamuuliza, akanijibu kile ninachojibiwa kila mwezi hapa Marekani: "Zilidondoka, nikanunua zingine namba ile ile, 6. Skrubu si skrubu tu?"

Hapana. Na hili ndilo linaloniumiza kuliko yote kwasababu mtu anajisifu kaokoa dola mbili halafu ananiletea kazi ya dola mia na zaidi.

Sikilizeni vizuri. Namba 6 inakwambia unene tu, inchi 0.138, yani milimita 3 na nusu hivi. Haikwambii nyuzi, ile mikato inayouzunguka mwili wa skrubu. Hadwea ya Marekani ukiomba namba 6 ya chuma utapewa 6-32, nyuzi 32 kwenye inchi moja. Matundu ya besi za skopu kwenye bunduki nyingi za kuwindia ni 6-48, nyuzi 48 kwenye inchi ile ile. Unene sawa, kwahiyo ukiishika mkononi huoni tofauti, na mbaya zaidi inaingia! Mzunguko wa kwanza inashika, unajisemea eeh imekubali, halafu inakuwa ngumu, na mtu badala ya kusimama anaongeza nguvu kwenye bisibisi, na kila anapozungusha skrubu inakata nyuzi za tundu. Ikifika chini anahisi imekaza kwelikweli. Haijakaza, imekwama kwenye makombo ya chuma. Bunduki ikipiga mara kumi, ishirini, yale makombo yanalegea na skopu inaanza kutembea.

Ya huyu mzee niliichomoa kwa vidole. Vidole! Ikatoka na unga wa chuma, nikamwekea kwenye karatasi nyeupe ili aone ni nyuzi za bunduki yake mwenyewe zile.

Dawa yake ni kutoboa tundu upya na kukata nyuzi za 8-40, yani namba 8 yenye nyuzi 40 kwenye inchi, na besi nayo lazima itanuliwe matundu, na yote yakae kwenye mstari mmoja na mtutu, la sivyo skopu itaangalia pembeni maisha yake yote. Kuna bodi zingine za bunduki chuma chake kigumu mpaka tapu, kile chombo cha kukatia nyuzi, inakatikia ndani, na hapo ndio utajua bei ya ufundi. Usijaribu hii na drili ya mkononi gereji kwako, nakuomba.

Halafu kuna urefu. Hata ukibahatisha nyuzi sahihi, skrubu ya mbele ikizidi kidogo tu inaenda kugusa nyuzi za mtutu au inaibana bolti, kile chuma unachosukuma kufunga chemba, na wewe unalaumu bunduki. Agiza kwa aliyetengeneza besi, zinakuja kwenye kifuko na urefu wake, na kaza kwa bisibisi yenye kipimo, inchi-paundi 20 hivi zinatosha kwa hizi ndogo. Mkono wako sio kipimo, hata kama umekuwa fundi magari miaka 30.

Hapo hapo kwenye skrubu, gundi ya nyuzi. Watu wanachukua nyekundu kwasababu wanaamini ndio "kali" kwahiyo ndio nzuri. Nyekundu haifunguki mpaka uipashe moto wa kama nyuzijoto 250 za Selsiasi. Unataka moto huo karibu na skopu yako? Chukua ya bluu, tone moja, basi.

WD-40 nayo. Sina ugomvi nayo, ninayo kopo mezani. Ilitengenezwa San Diego mwaka 1953 kufukuza maji na kuzuia kutu, jina lenyewe kwa Kiingereza ni kufukuza maji, na 40 ni fomula ya jaribio la 40. Ukinyeshewa porini, nyunyiza, futa, sawa kabisa. Lakini sio oili ya kuacha ndani. Ile sehemu nyepesi inapaa, inabaki filamu nyembamba, na mtu anayenyunyiza kila msimu bila kufuta anajijengea utando unaonata kwenye pini ya kugongea. Siku ya baridi unavuta kifyatulio, inasema "tak" kwa uvivu, kulungu anakuangalia tu. Futa yote kisha weka oili halisi ya bunduki, kidogo.

Dawa ya kusafishia breki inasafisha kweli, ila inaacha chuma uchi bila hata chembe ya mafuta, kesho yake kutu, na ikidondokea kitako chenye vanishi au plastiki inakula. Zile zenye klorini ni hatari zaidi, ukizipasha moto au ukichomelea karibu zinatoa fosijeni, gesi ile ile iliyoua watu kwenye Vita ya Kwanza ya Dunia. Zisizo na klorini zinawaka kama petroli. Chagua mwenyewe, au tumia dawa ya bunduki nje kwenye hewa.

Siki na asidi ya kusafishia saruji kutoa kutu: zinaondoa kutu na rangi nyeusi ya bunduki yote pamoja, na mvuke wa hiyo asidi unatia kutu kila spana iliyoko chumba hicho. Mimi nasugua kwa sufi ya chuma ya sifuri nne, ile laini kabisa, na oili, taratibu. Isipokuwa stenlesi, hapo usitumie, vile vinyweleo vinabaki na vyenyewe vinashika kutu.

Kwa kitako cha mbao mafuta ya kitani ya hadwea nayakubali, nayapenda hata. Ila yale matambara! Watu wanadhani mafuta ya mbao hayana neno, wanayafinyanga kuwa donge wanatupa kwenye ndoo. Yale mafuta yakikauka yanatoa joto, na donge halina pa kulitolea, linajiwasha lenyewe bila kiberiti. Februari 1991 jengo la One Meridian Plaza, Philadelphia, liliungua hivyo, matambara ya mafuta ya kitani yaliyoachwa ghorofa ya 22, wakafa zimamoto watatu. Yatandaze nje moja moja mpaka yakauke kuwa magumu, au yazamishe kwenye kopo la bati lenye maji na ufunike. Mimi nayaanika kwenye uzio, na jirani ameshazoea.