Je, wajua kwa nini jiwe la mchanga likikatika huziba maji badala ya kuyapitisha?

Anayechimba kisima kwenye granaiti hutafuta nyufa. Granaiti yenyewe karibu haina nafasi ya kuweka maji, kwa hiyo pasipo mpasuko hapana kisima. Pengine ndiyo maana wengi tunaamini kwamba mwamba wowote ukivunjika maji hupata njia. Kwenye jiwe la mchanga lenye vitundu vingi, mara nyingi huwa kinyume.

Ushahidi wake unaonekana kwa macho katika jangwa la Utah, Marekani, kwenye miamba ya mchanga iitwayo Entrada na Navajo. Miamba hiyo imekatwa na mistari myembamba, mingi ikiwa na unene wa milimita chache tu, iliyotuna juu ya uso wa jiwe kwa sababu upepo na mvua huula mchanga wa pembeni kwanza. Mwanajiolojia Atilla Aydin aliielezea kwa kina mwaka 1978, na wanajiolojia huiita mikanda ya mgeuko. Kwenye kila mstari upande mmoja wa jiwe umesogea kidogo kuupita mwingine, milimita kadhaa au sentimita chache. Hata hivyo huwezi kupenyeza wembe. Jiwe limesogea bila kufunguka.

Sababu ni ile nafasi iliyomo kati ya chembe. Jiwe gumu lisilo na vitundu likisukumwa halina pa kujikunja, hivyo hupasuka. Jiwe la mchanga ambalo sehemu ya tano au zaidi ya ujazo wake ni uwazi lina pa kwenda: chembe hujipanga upya na kujisogeza ndani ya vitundu. Mgandamizo ukiwa mkubwa, kwa kawaida jiwe likiwa limefukiwa kina kirefu, chembe zenyewe huvunjika, kama mahindi kinuni yanavyogeuka chenga, kisha unga. Unga huo hujaza matundu yaliyokuwepo.

Hapo maji hupata tabu. Wepesi wa maji kupita haufuati tu jumla ya nafasi iliyopo, bali hasa upana wa vijia kati ya chembe. Upana ukipungua kwa nusu, upitishaji hushuka hadi kama robo. Marco Antonellini na Aydin walipopima mikanda ya Hifadhi ya Taifa ya Arches, Utah, katika miaka ya 1990, walikuta vitundu vimepungua kama mara 10, na upitishaji wa maji kwa wastani kama mara 1,000.

Kuna jambo jingine, nalo ndilo linalonivutia zaidi. Mkanda ukishasagika huwa mgumu kuliko jiwe la jirani, maana chembe zilizovunjika zina kona na hushikana. Msukumo ukiendelea, ni rahisi zaidi jiwe kukatika pembeni kuliko kurudia palepale. Mkanda wa pili huzaliwa kando ya wa kwanza, wa tatu kando ya wa pili, hata likapatikana fungu zima.

Je, fungu hilo ni ukuta? Tupige hesabu. Mkanda mmoja wa milimita 1 wenye upitishaji mdogo mara 1,000 unayachelewesha maji sawa na mita 1 ya jiwe la kawaida. Kwenye mwamba wa chini ya ardhi wenye mafuta, ulio na urefu wa kilomita, hiyo si kitu. Mikanda 100 ni mita 100, na hapo wahandisi huanza kushtuka. Lakini mikanda hubadilika unene na mingine huishia njiani, na maji hayahitaji zaidi ya upenyo mmoja. Haakon Fossen na Alvar Bale waliandika mwaka 2007 kwamba athari ya mikanda kwa uzalishaji wa visima mara nyingi hukuzwa kuliko ilivyo. Naona wana hoja, ila mikanda ikielekea upande mmoja, maji hutiririka kwa urahisi sambamba nayo kuliko kuikata, na hilo latosha kuharibu mpango wa mahali pa kuweka visima. Wanaotaka kuhifadhi hewa ya ukaa chini ya ardhi wana sababu ya kuijali pia: vijia vyembamba vilivyojaa maji huhitaji shinikizo zaidi kabla gesi haijaingia.

Yote hayo ni kwa jiwe lililojaa maji. Juu ya usawa wa maji ya ardhini, mahali pakavu, kanuni hugeuka. Vitundu vikubwa vya mchanga hukauka mapema na hewa ikikaa humo maji hayana njia, ilhali vijia vyembamba vya mkanda huyanyonya na kuyashikilia. John Sigda na John Wilson walionyesha hivyo kwa mchanga wa jimbo la New Mexico, Marekani: katika hali ya ukavu, mkanda uleule unaozuia maji ndio unaoweza kuyapitisha kwenda chini kuliko mchanga unaouzunguka.