Kijiko ndani ya gilasi: wanahewa wa rada waliokaa katikati ya bahari

Nilipoanza kazi ya rigi huku Ghuba, mzee mmoja tuliyekuwa naye chumba kimoja alinionyesha kitu nikamcheka. Usiku kabla ya kulala aliacha kijiko ndani ya gilasi ya chai, kando ya kitanda, hakitoi. Nikadhani ni ushirikina tu. Kumbe ile gilasi ndio mita yake. Jenereta zikiwa sawa kijiko kinalia ting ting ting nyembamba usiku kucha mpaka unaizoea inakuwa kama bembelezo, siku sauti ikibadilika unajikuta macho wazi na hujui nini kimekuamsha. Mimi ilinitokea mara moja tu, ting ikawa tang, nikashuka chini nikakuta bolti za kitako cha jenereta namba mbili zimelegea. Nikaripoti. Nikaambiwa jaza fomu. Sasa kwenye fomu hamna pa kuandika kijiko, nikaandika "mtikisiko umeongezeka", bolti zikaja kukazwa siku ya kumi na moja.

Kazi yangu ni jenereta na mitambo ya kutoa chumvi kwenye maji ya bahari, kwetu ni Malindi. Mtu wa Malindi hashangai kusikia kuna watu wanaishi juu ya meza ya chuma baharini, manake hata sisi tunazo pale Ngomeni, zile za Waitaliano, San Marco na mwenzake, ndipo iliporushwa setilaiti ya Uhuru tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, ikapewa jina la Kiswahili kabisa. Sasa nilipokuwa nasoma soma mambo ya majukwaa ya zamani nikakutana na habari ya wanahewa wa Marekani, yaani askari wa jeshi la anga, waliowekwa kwenye minara ya rada baharini kulinda anga, nikakwama hapo miezi. Wahandisi wameandika mengi kuhusu vile mnara mmoja ulianguka. Mimi nataka kueleza vile watu walikuwa wanaishi humo, manake ukishaelewa maisha ya humo hilo la kuanguka linajieleza lenyewe.

Miaka ya 50 Wamarekani walikuwa na hofu ya ndege za mabomu za Urusi kuja kupitia Atlantiki. Rada ya ufukweni ina shida moja ambayo hata mvuvi anaijua, dunia imepinda, ndege ikija chini chini huioni mpaka imeshakaribia. Mwaka 1952 wataalamu wa Lincoln Laboratory, maabara ya chuo cha teknolojia cha MIT huko Marekani, wakatoa wazo, kwani tusipeleke rada yenyewe ikasimame baharini? Wakaiga majukwaa ya mafuta ya kule Texas ndio maana yakaitwa Texas Towers, yaani minara ya Texas, ingawa hakuna hata moja lililosimama Texas. Yalipangwa matano yakajengwa matatu, namba 2 huko Georges Bank zaidi ya maili 100 mashariki ya Cape Cod, namba 3 upande wa Nantucket, na namba 4 nje ya pwani ya New Jersey. Namba 2 ilivutwa baharini 1955, namba 4 ikafuata 1957. Faida ya yote hayo ilikuwa kuongeza kama nusu saa ya onyo. Nusu saa! Lakini kwa ndege yenye bomu la nyuklia nusu saa ni mali.

Jukwaa lenyewe ni pembetatu, miguu mitatu, juu yake makuba matatu makubwa meupe kila moja upana wa futi 55, kwa mbali ungedhani ni msikiti umepotea njia. Kuba moja ndani yake kuna rada ya kusaka inayozunguka pande zote, mawili yana rada za kupima ndege iko juu kiasi gani, hizo hazizunguki sana, zinainamisha na kuinua kichwa kama mtu anayesinzia. Chini ya makuba watu kama hamsini hivi, wengi vijana, na mafundi raia nao wanakuja na kuondoka.

Sasa kufika. Helikopta ikiwezekana, lakini bahari ile ina ukungu wa kutisha na upepo, kwa hiyo mara nyingi ni meli ya mizigo, AKL-17, inakuja inakaa karibu, kreni ya mnara inateremsha boya la duara lenye nyavu, unakanyaga pembeni ya boya, unashika kamba, unapandishwa hivyo hivyo unaninginia. Wao waliliita donati. Nimeshapandishwa na kikapu cha aina hiyo na nawaambia ukweli, kupanda si tatizo, tatizo ni ile sekunde ya kuondoka, meli inashuka na wimbi wewe unapanda, ghafla chini yako hamna kitu. Wakati wa kushuka ndio balaa zaidi, kwa sababu meli inaweza kuinuka kukupokea kabla hujajiandaa, magoti yanalipia. Mwendesha kreni mzuri anasubiri meli iwe juu ya wimbi ndio akuweke. Mbaya anakuweka akipata nafasi.

Ukishafika juu kitu cha kwanza ni kelele. Watu wanafikiria bahari ni utulivu, wapi. Jenereta za dizeli zinapiga mchana na usiku kwa sababu rada haizimwi, feni za hewa, pampu, na ukungu ukiingia ndio honi ya ukungu inaanza kulia kuonya meli, inalia inanyamaza inalia, siku nzima, siku mbili. Nasikia watu walijifunza kuongea kwa vipande, unasema nusu ya sentensi, unangoja honi imalize, unamalizia. Mimi hilo silishangai, huku kwetu tunafanya hivyo hivyo kompresa ikiwaka.

Maji ndio kazi yangu kwa hiyo niruhusuni kidogo. Ile miguu haikuwa ya kusimamia tu, ni mabomba makubwa matupu, kwa hiyo wakaitumia, ndani ya miguu wakahifadhi dizeli na mguu mwingine ukawa wa kuvutia maji ya bahari kuyapeleka juu kwenye mtambo wa kutoa chumvi. Ni ubunifu mzuri nakubali. Lakini fikiria maana yake kwa mtu anayeishi juu: maji unayooga, dizeli inayowasha taa yako, vyote vimepita ndani ya miguu ile ile inayopigwa na mawimbi. Na maji ya kuchemshwa hayana ladha, fundi yeyote wa mtambo huo atakwambia watu watalalamika hata yakiwa safi kuliko ya kisimani. Chai ndio inayaokoa.

Chakula kilikuwa kizuri, hilo wengi waliokaa humo wanakubaliana. Ndio kawaida ya kazi hizi, kampuni au jeshi likikunyima kila kitu litakupa nyama. Kulikuwa na sinema, chumba cha michezo, mambo ya mikono ya kupitisha wakati. Kazi yenyewe ni shifti, mtu amekaa gizani anaangalia skrini ya duara, kijimstari kinazunguka, kidoa kikitokea anakiripoti. Taarifa zilirushwa nchi kavu kwa redio za masahani makubwa yaliyopangwa pembeni mwa jukwaa, kwa sababu waya wa chini ya bahari ulikuwa gharama mno. Ile teknolojia naipenda. Mawimbi ya redio yanatupwa juu kwa nguvu kubwa, mengi yanapotelea angani, machache yanatawanyika hewani yanaangukia upande wa pili wa mpindo wa dunia, yananaswa huko. Ni kama gari linalokuja usiku nyuma ya kilima, gari hulioni bado lakini mwanga wa taa zake unauona hewani. Kwa hewa iliyotawanya mwanga kidogo hivyo ndio mtu alimpigia simu mkewe.

Haya, sasa mtikisiko, na hapa ndipo namba 4 inaachana na wenzake.

Namba 2 ilisimama kwenye maji ya futi 56 tu. Namba 3, futi 80. Hizo unaweza kusimamisha miguu mitatu minene na mambo yakaenda. Namba 4 ilikuwa futi 185, hiyo ni kama jengo la ghorofa kumi na nane limezama maji na juu yake bado unaweka rada na watu. Miguu mirefu hivyo peke yake itayumba, kwa hiyo wakaiunganisha kwa vyuma vya kupita na vya mshazari chini ya maji, na viungo vingi wakavifunga kwa pini. Tatizo la pini kila fundi analijua. Ni kitanda cha mbao kilichopigwa misumari, kikishaanza kulegea kila ukigeuka kinalia, na kila kikilia tundu linaongezeka, halafu tundu likiongezeka ndio unageuka zaidi. Alafu kibaya zaidi, wakati wa kuisimamisha 1957 vyuma viwili vya mshazari vilichomoka, vikatengenezwa huko huko baharini kwa bolti badala ya kurudishwa karakana. Bolti chini ya maji, kwenye kitu kinachoyumba. Zililegea, ndio. Wapiga mbizi walitumwa kukaza, wakarudi, wakatumwa tena.

Wanahewa walioishi humo hawakuhitaji mpiga mbizi. Waliuita Old Shaky, yaani mzee mtikisika, na jina kama hilo halitoki ofisini, linatoka kitandani saa nane usiku. Walisikia vyuma vikigongana huko chini, mgongano unapanda na mguu unafika mpaka kwenye vyumba. Bahari ikichafuka mnara ulisogea na watu walisikia miilini mwao, si kwa mita. Ndio maana nimeanza na kijiko. Mtu anayelala juu ya mashine mwaka mzima mwili wake unageuka kifaa cha kupimia, anajua mtikisiko wa jenereta, anajua wa upepo, anajua wa wimbi, na akija wa nne asioujua tumbo linamwambia. Ila tumbo halina fomu.

Tarehe 12 Septemba 1960 kimbunga Donna kikapita pale na mawimbi ya zaidi ya futi 50, wakati mnara ulisanifiwa kwa mawimbi madogo kuliko hayo. Njia ya chini ya jukwaa ilisambaratishwa, vyuma vya kuunganisha miguu vikaumia. Baada ya hapo watu wakapunguzwa wakabaki 28, wanahewa 14 na mafundi raia 14 wa kutengeneza. Mtu atauliza, kwani kwa nini wasiwatoe wote? Moja ya sababu zilizotajwa ni meli za Warusi zilizokuwa zikizunguka kule, waliogopa mnara ukiachwa mtupu zitakuja kupekua vifaa. Mimi sababu hiyo kila nikiisoma napandwa na hasira, manake vifaa ungeweza kuvivunja kwa nyundo asubuhi moja.

Fikiria maisha ya miezi ile ya mwisho. Jukwaa la kukaa watu wengi sasa lina 28, vyumba vitupu, milango inagonga, baridi ya Januari, kazi siyo tena kuangalia ndege, ni kushika mnara usianguke. Tena ukiwa na watu wachache kelele za chini unazisikia zaidi. Kamanda, kapteni Gordon Phelan, alikuwa akiongea na mkewe kwa simu, na baadaye mke huyo alikuja kueleza mbele ya kamati ya Seneti vile mumewe alivyokuwa na wasiwasi. Ukitaka kujua hali ya mnara mwezi ule hiyo simu ilikuwa na habari kuliko michoro yote.

Tarehe 15 Januari 1961 ilikuwa Jumapili, dhoruba ikapanda. Helikopta haikuweza kutua na hali ile. AKL-17 ilikuwa karibu, nahodha wake Sixto Mangual akiuangalia mnara kwenye rada ya meli yake, kidoa kimoja kikubwa, na kuzungumza nao kwa redio. Saa moja na nusu usiku hivi akaangalia tena skrini, kidoa hakipo. Mnara wa rada ukapotea kwenye rada. Watu wote 28 walikufa, miili iliyopatikana ni miwili.

Namba 2 na namba 3 ziliendelea mpaka 1963 zikafungwa. Kwenye picha za namba 2 kuna moja naipenda, wanahewa wamekaa mezani kula, vikombe vimejaa na hakuna aliyeshika chake. Mimi macho yangu yalienda moja kwa moja kwenye vikombe kuona kama maji yana viduara juu. Picha ni ya zamani, huwezi kuona.