Ufashisti si jina jingine la ubaguzi wa rangi

Juzi tena mchambuzi mmoja redioni kasema "ubaguzi wa rangi, yaani ufashisti", na mtangazaji akaitikia. Iliyoniudhi ni hiyo "yaani".

Kwa kifupi, ubaguzi wa rangi ni kuwapanga watu madaraja kwa rangi au asili yao. Ufashisti ni namna ya kushika dola: kiongozi asiyepingwa, chama kimoja, wanamgambo wa kuwapiga wapinzani, na ndoto ya kulirudishia taifa utukufu wake. Viwili hivi vinaweza kutengana: Makaburu wa Afrika Kusini walitawala kwa sheria za kibaguzi tangu 1948, huku Wazungu wenzao wakipiga kura na kuwa na wapinzani bungeni.

Neno lenyewe halina rangi ndani yake. Kwa Kiitalia fascio ni tita, kama tita la kuni. Katika Roma ya kale, walinzi wa mahakimu walibeba tita la fimbo lenye shoka: fimbo za kuchapa, shoka la kukata kichwa. Miaka ya 1890, wakulima na vibarua wa Sicily waliojikusanya kudai haki zao waliita vyama vyao fasci, nao walifuata ujamaa! Benito Mussolini, aliyekuja kuwa dikteta wa Italia, alilipa kundi lake jina hilo mjini Milan, Machi 1919.

Wapo wanaoyajua haya, kisha wakakosea upande wa pili. Husema Mussolini hakuwa mbaguzi mpaka alipomwiga Hitler kwa sheria dhidi ya Wayahudi mwaka 1938. Kuhusu Wayahudi wana hoja kidogo. Guido Jung, Myahudi, aliwahi kuwa waziri wake wa fedha. Lakini waulize Waethiopia waliomwagiwa gesi ya sumu na ndege zake katika vita vya 1935 na 1936. Aprili 1937 ikatoka amri ya kumfunga mwaka mmoja hadi mitano Mwitalia atakayeishi kinyumba na mwanamke wa makoloni yao ya Afrika Mashariki. Hitler hapo anasingiziwa.

Leo mwanasiasa wa Ulaya akiwatukana wahamiaji kwa rangi yao, ubaguzi umeshathibitika. Ufashisti una maswali yake: akishindwa kura ataondoka? Mahakama ikimkatalia atatii? Chama cha Giorgia Meloni, aliyeshika uwaziri mkuu wa Italia mwaka 2022, kina nembo ya mwali wa moto iliyorithiwa kutoka chama kilichoundwa 1946 na wafuasi wa Mussolini, na bado Waitalia wanabishana wakiite nini.

Ndugu mchambuzi, ungesema "ubaguzi wa rangi, na pengine ufashisti", ningeendelea kunywa chai yangu.