Kabla ya kulalamikia balki, tazama beisi

Mabishano mengi ninayoyasikia kwenye besiboli hapa Dodoma yanamhusu mrushaji, yule anayemtupia mpigaji mpira, na mwamuzi hulaumiwa hata anapokuwa sahihi.

Dai la kwanza ni hili: "Mrushaji akikosea tu, ni balki." Sivyo. Balki, yaani mwendo usioruhusiwa wa mrushaji, ipo pale tu kuna mkimbiaji kwenye beisi (kituo wanachokimbilia wachezaji wa timu inayopiga), kwa sababu kanuni yenyewe inamlinda mkimbiaji asihadaiwe. Mrushaji akirusha kwa mpigaji bila mguu wake kugusa kibao anachopaswa kukikanyaga anaporusha, na beisi zote ni tupu, kwa kawaida huhesabiwa boli moja, yaani mrusho mbaya unaomfaidi mpigaji, na mchezo unaendelea. Akiwepo mkimbiaji, kosa lilelile linampeleka beisi moja mbele. Hata kule kutulia kabisa, mikono ikiwa pamoja kabla ya kurusha, kunadaiwa wakati kuna wakimbiaji. Kwa hiyo mwamuzi mzuri anajua nani yuko wapi kabla hajaitazama miguu ya mrushaji. Naliona hili kuwa msingi wa kazi yote.

"Mpira umemponyoka kwa bahati mbaya, asamehewe." Huruma hiyo naielewa, hasa kwa watoto wa shule. Lakini mrushaji aliye kwenye kibao akiuangusha mpira huku kuna mkimbiaji, ni balki, awe amekusudia au la. Nia hupimwa pale mwamuzi anapokuwa na shaka kama kulikuwa na hila.

Wengine wanadhani balki husimamisha mchezo papo hapo. Kwa kanuni za ligi kuu ya Marekani, mpira ukirushwa licha ya balki, mwamuzi husubiri. Mpigaji akifika beisi ya kwanza na kila mkimbiaji akasogea walau beisi moja, balki inasahaulika. Kuinyima timu inayopiga pigo zuri kwa kosa la mpinzani wake kungekuwa dhuluma.

Kujifanya unarusha beisi ya kwanza ukiwa kwenye kibao hakuruhusiwi. Ya pili inaruhusiwa akiwepo mkimbiaji. Ya tatu, ligi hiyo iliizuia mwaka 2013.

Halafu kuna vumbi letu. Nimesikia kwamba, kwa kuwa uwanja wote ni udongo, kuusugua mpira chini si kosa. Ni kosa, hakuna mchezaji anayeruhusiwa kuupaka udongo kwa makusudi. Mrushaji anaweza kuusugua kwa viganja vitupu. Mpira uliochafuka wenyewe kwa kudunda, mwamuzi anaubadilisha.